Jua Linapogeuza Sumaku Yake: Kinachofika Kigoma na Kisichofika

Mei 2024 mambo mawili yalikutana. Ziwa Tanganyika lilikuwa limejaa hadi maji yakaingia kwenye nyumba na barabara za kando ya ziwa, na usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Dunia ikapigwa na dhoruba ya kisumaku ya daraja la G5, lililo la juu kabisa, ya kwanza kufika daraja hilo tangu 2003. Jua lilikuwa linakaribia kilele cha mzunguko wake wa miaka kumi na moja. Ukiyaweka mambo hayo pamoja ni rahisi kusema jua ndilo lililojaza ziwa. Silo. Ila lipo jambo ambalo jua hulifanya kweli juu ya anga la Kigoma katika kila mzunguko, na wanaolijua zaidi ni wapima ardhi na watu wa redio koli, yaani redio za mawimbi mafupi za kuitana.

Uga unaovutwa na kusokotwa

Jua si gimba gumu. Ni plazma, yaani gesi yenye joto kali kiasi kwamba elektroni zimeachana na atomu zake, kwa hiyo hupitisha umeme na huuburuta uga wa sumaku popote iendako. Na kwa kuwa si gumu, halizunguki lote kwa mwendo mmoja. Ikweta yake humaliza mzunguko kwa siku 25 hivi, huku maeneo ya karibu na ncha yakichukua kama siku 35. Piga hesabu utaona kwamba kila baada ya miezi mitatu hivi ikweta huwa imezipita ncha kwa mzunguko mzima.

Mwanzoni mwa mzunguko uga wa jua huwa umetulia: unatoka ncha moja kwenda nyingine, na kwenye ncha zenyewe una nguvu ya gausi chache tu (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Ikweta inapotangulia, mistari ya uga huvutwa, hulala mashariki–magharibi, hulizingira jua tena na tena, na kila zingo huiongezea nguvu. Mwisho wake, mafungu ya uga huo hubanwa sana hadi plazma iliyo ndani yake kuwa nyepesi kuliko ile ya jirani, nayo hupanda kama boya lililoachiwa chini ya maji na kutoboa uso wa jua. Yanapotokea pana doa, na yanapoingia tena ndani pana doa la pili. Ndiyo maana madoa ya jua hupenda kukaa kwa jozi, moja likiwa ncha ya kaskazini ya sumaku na mwenzake ncha ya kusini.

Doa ni jeusi kwa kulinganisha tu. Uga wake hufika gausi 2,000 hadi 4,000, wakati uga wa Dunia hapa kwetu ni kama theluthi moja ya gausi. Nguvu hiyo huzuia joto kupanda kutoka chini, hivyo doa hubaki na nyuzi 3,500 hivi za Selsiasi huku uso wa jua ukiwa na 5,500. Lingewekwa peke yake kwenye anga la usiku, lingeng'aa kuliko mwezi mpevu.

Aliyethibitisha kwamba madoa ni sumaku ni George Ellery Hale, mwaka 1908, kwenye mlima Wilson huko California. Baadaye yeye na wenzake waligundua jambo ambalo watu wengi hulisahau. Katika nusu ya kaskazini ya jua, karibu jozi zote hutanguliwa na ncha ya aina moja, na katika nusu ya kusini hutanguliwa na ncha ya kinyume chake. Mzunguko unaofuata, mpangilio wote hugeuka. Kwa hiyo mzunguko kamili wa sumaku ya jua ni miaka 22, na ile 11 tunayoitaja kila siku ni nusu yake. Hata hiyo 11 ni wastani: kuna mizunguko ya miaka 9 na kuna ya karibu 14. Wala haipandi na kushuka kwa mwendo sawa. Kwa kawaida hupanda kwa miaka minne au mitano, kisha hushuka polepole kwa sita au saba, na mzunguko wenye nguvu hupanda haraka zaidi.

Kugeuka kwenyewe hutokana na mwinamo mdogo. Katika kila jozi doa linalotangulia huwa karibu kidogo na ikweta, na linalofuata huwa karibu kidogo na ncha. Madoa yakishasambaratika, mabaki ya sumaku ya yale yaliyotangulia hukutana na ya upande wa pili kwenye ikweta na kufutana. Mabaki ya yale yaliyofuata huchukuliwa na mkondo wa juu wa plazma, wa mita 10 hadi 20 kwa sekunde, hadi kwenye ncha. Kule hukuta uga wa kinyume, huula taratibu, kisha huchukua nafasi yake. Ncha hugeuka karibu na wakati wa kilele, na si lazima zigeuke pamoja. Mara nyingi moja humtangulia mwenzake kwa miezi. Maelezo haya yalipangwa na Horace Babcock mwaka 1961, kisha Robert Leighton akayaongezea. Wataalamu bado wanabishana kama uga unasokotwa kilomita 200,000 chini ya uso au karibu na juu, lakini sehemu ya ncha haina ubishi mkubwa, kwa sababu ndiyo inayotumika kutabiri: nguvu ya uga wa ncha wakati jua limetulia hueleza ukubwa wa mzunguko ujao. Utabiri huo nao si msumari. Jopo la kimataifa la wataalamu lililoitishwa na Marekani lilitaraji mzunguko wa 25, yaani huu wa sasa, ufikie 115 mwezi Julai 2025. Ukafika karibu 161, tena Oktoba 2024.

Hiyo 161 ni ya nini?

Heinrich Schwabe, mfamasia wa Dessau, Ujerumani, alianza kuchora madoa mwaka 1826 akiwinda sayari aliyodhani iko karibu zaidi na jua kuliko Utaridi. Sayari hakuipata. Mwaka 1844 alitangaza kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa kipindi cha miaka kumi hivi. Rudolf Wolf wa Uswisi akatunga namba tunayoitumia mpaka leo: idadi ya makundi mara kumi, jumlisha idadi ya madoa yote, kisha zidisha kwa kipimo cha mtazamaji na chombo chake. Ukiona makundi 5 yenye jumla ya madoa 23, unapata 50 na 23, yaani 73, kabla ya kuzidisha. Kundi limepewa uzito mkubwa kwa makusudi, maana madoa madogo hupotea kwa urahisi kwenye chombo dhaifu, kundi halipotei.

Takwimu rasmi hutunzwa Brussels, Ubelgiji. Hapa pana mtego kwa mwalimu au mwanafunzi anayetumia kitabu cha zamani: Julai 2015 orodha nzima ilisahihishwa. Kilele cha mwaka 1958, kikubwa kuliko vyote vilivyopimwa, kilikuwa 201 kwenye orodha ya zamani na sasa ni 285. Ukichukua namba ya kitabu ukailinganisha na ya leo, utadhani mzunguko wa sasa ni jitu. Kwa kweli ni wa wastani hivi, mkubwa kuliko wa 24 ulioishia 116 mwaka 2014, na mdogo sana mbele ya ule wa 1958.

Kuhesabu mwenyewe kunawezekana kwa darubini ya macho mawili, ile iliyoandikwa 10×50, bila kuchungulia ndani yake hata mara moja. Funika lenzi moja kubwa ya mbele. Ile nyingine ivalishe kadi ya boksi yenye tundu la milimita 30 ili kupunguza joto, kisha ifunge darubini imara kwenye stendi ya kamera. Kata boksi kubwa ulivalishe kuizunguka darubini ili kivuli chake kiangukie karatasi nyeupe uliyoiweka mita moja nyuma. Kuilenga, geuza jua mgongo na utazame kivuli cha darubini: kikifika udogo wake wa mwisho, mwanga utatokeza kwenye karatasi. Zungusha kirekebishi hadi ukingo wa jua ukatike vizuri. Utapata duara la sentimita 9 hivi. Kwenye duara hilo Dunia yetu ingekuwa na upana wa milimita 0.85, kwa hiyo doa la milimita moja tayari limetuzidi.

Makosa hutokea mahali palepale kila mara. La kwanza ni vumbi kuhesabiwa kama doa. Acha darubini itulie: picha ya jua itatembea yenyewe, madoa yatakwenda nayo, vumbi la lenzi ya nyuma litabaki pale pale. Mwendo huo una faida nyingine, maana ukingo unaotangulia kutoka kwenye karatasi ndio magharibi ya jua, hata kama picha imepinduka. Uandike M. Siku zinavyokwenda madoa yatasogea kutoka ukingo wa mashariki kuelekea huo wa magharibi, na kundi linalodumu huvuka uso wote kwa kama siku 13 na nusu. Kosa la pili ni saa. Kigoma tunatumia saa ya Afrika Mashariki lakini tuko mbali magharibi, hivyo jua hufika juu kabisa kama saa saba mchana, si saa sita. Kufikia wakati huo ardhi imechemka na picha inatetemeka. Saa mbili na nusu hadi saa nne asubuhi ndiyo nzuri. La tatu ni kuiacha darubini ikilitazama jua muda mrefu. Gundi ya lenzi ndogo hulainika au kioo hupasuka. Dakika mbili, kisha igeuze pembeni ipoe.

La nne halirekebishiki. Retina haina mishipa ya maumivu, kwa hiyo jicho huungua bila mwenyewe kujua. Filamu ya eksirei, sidii, kioo kilichopakwa masizi na miwani ya mchomeleaji ya namba ya chini ya 14 havizuii mionzi yote. Waliobakiwa na miwani ya karatasi ya kupatwa kwa jua kwa 1 Septemba 2016 waikague kwenye taa: yenye mkwaruzo au tundu itupwe. Hata ikiwa nzima, haivaliwi kuchungulia darubini. Na chombo kisiachwe peke yake pale penye watoto.

Baada ya siku 20 au 30 za kuhesabu, gawanya jumla ya namba za Brussels za siku hizo kwa jumla ya zako. Jibu ndilo kipimo chako. Kwa darubini ndogo litakuwa zaidi ya 1, na hilo si aibu. Kinachotakiwa ni lisiyumbe. Utaona pia jambo ambalo jedwali halikuonyeshi. Mzunguko unapoanza madoa hujitokeza kwenye nyuzi 30 hivi kaskazini na kusini ya ikweta ya jua, kisha mapya huzidi kuisogelea ikweta kadiri miaka inavyokwenda. Annie na Edward Maunder walipoyachora hayo mwaka 1904, mchoro ulitoka na sura ya vipepeo vilivyopangwa foleni.

Juu ya Kigoma

Mwanga na joto kwa jumla havibadiliki sana. Nje ya angahewa kila mita ya mraba hupokea wati 1,361, na tofauti kati ya kilele na utulivu ni wati moja hivi, chini kidogo ya asilimia 0.1. Mwenye sola ya wati 100 asitarajie kitu. Vumbi la Julai peke yake hula zaidi ya hapo mara nyingi. Wastani wa joto la dunia hupanda na kushuka kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi.

Kinachobadilika sana ni mionzi mikali isiyofika chini, ile ya urujuanimno wa mbali na eksirei. Hiyo huongezeka mara kadhaa wakati wa kilele, na kazi yake ni kung'oa elektroni kwenye hewa nyembamba ya ionosfea, kuanzia kilomita 70 hadi mamia ya kilomita juu. Hapo Kigoma haina bahati. Ikweta ya sumaku ya Dunia haipiti kwetu. Katika longitudo hii iko juu kaskazini, usawa wa Ethiopia. Umeme wa mchana huinua elektroni juu ya mstari huo, kisha zikateremka kwa kufuata mistari ya sumaku na kurundikana nyuzi 15 hivi kila upande. Rundo la kusini huangukia Kigoma na Tabora. Nairobi wanapata afadhali.

Kwa mpima ardhi hesabu ni hii. Mawimbi ya GPS ya masafa ya kwanza hucheleweshwa sentimita 16 kwa kila kipimo kimoja cha wingi wa elektroni njiani (kiitwacho TECU). Chini ya rundo, alasiri ya mwaka wa kilele, vipimo 100 ni jambo la kawaida: hiyo ni mita 16 kwa setilaiti iliyo utosini, na karibu mara tatu yake kwa iliyo chini karibu na upeo wa macho. Simu hutumia kanuni inayotangazwa na setilaiti zenyewe, ambayo huondoa kama nusu ya kosa. Kupata njia ya kwenda Uvinza hiyo inatosha. Kuweka bikoni, yaani alama ya mpaka, ya kiwanja haitoshi. Kifaa cha masafa mawili huondoa karibu kosa lote la aina hii.

Tatizo gumu zaidi huja jua likishazama, kati ya saa mbili na saa sita usiku, hasa Machi–Aprili na Septemba–Oktoba. Ionosfea ya chini hufifia haraka kuliko ya juu, mapovu yenye elektroni chache huchomoza ndani ya tabaka zito, na mawimbi yanayopita hapo huanza kumetameta. Kifaa hupoteza setilaiti mbili au tatu kwa pamoja, na jibu la usahihi wa sentimita ambalo kifaa kilikuwa kimelishika huachia na kuanza kuyumba. Kubadili betri au antena hakusaidii. Kinachosaidia ni kupima asubuhi, kukata setilaiti zilizo chini ya nyuzi 15, kupokea mifumo zaidi ya mmoja, kuweka kituo cha msingi ndani ya kilomita 10, na kurudi kwenye bikoni inayojulikana mwanzo na mwisho wa kazi. Asiyerudi hana njia ya kujua siku hiyo imeharibika.

Redio ya mawimbi mafupi huathirika kwa namna mbili zinazopingana. Elektroni nyingi huruhusu masafa ya juu zaidi kurudishwa chini. Kwa wimbi linalopanda wima, chukua mzizi wa mraba wa idadi ya elektroni kwa mita ya ujazo, zidisha kwa 9, unapata hezi. Elektroni bilioni 500 hurudisha hadi megahezi 6.4, trilioni mbili hurudisha hadi 12.7. Kigoma hadi Tabora ni kama kilomita 350 kwa mstari ulionyooka, na kwa umbali huo mfupi wimbi hupanda karibu wima. Mwenye redio koli aliyezoea megahezi 7 mchana atalalamika mwaka wa utulivu kwamba Tabora hawamsikii jioni ilhali wa mbali wanamsikia. Chombo ni kizima. Dari la elektroni ndilo limepungua uwezo, na dawa ni kushuka hadi megahezi 4 au 5. Kanuni nzuri ni kufanya kazi kwenye asilimia 85 ya masafa ya juu yanayorudi.

Namna ya pili ni ukimya wa ghafla. Mlipuko wa jua wa daraja la X, lililo la juu kabisa, hutuma eksirei zinazotufikia kwa dakika 8 na sekunde 20. Hunenepesha tabaka la chini kabisa, ambalo halirudishi mawimbi bali huyameza, kuanzia ya masafa ya chini. Pigo huwa kubwa zaidi pale jua lilipo utosini, na kwa Kigoma hilo hutokea saa saba mchana, hasa wiki ya pili ya Machi na wiki ya kwanza ya Oktoba. Panda masafa au subiri. Ndani ya saa moja hivi hali hurudi. FM na simu za mkononi hazihusiki, kwa sababu hupokelewa moja kwa moja kutoka kwenye mnara.

Dhoruba ya kisumaku ni kitu kingine. Hiyo ni wingu la plazma lililotapikwa, na huchukua siku moja hadi tatu njiani. Machi 1989 ilizima umeme wa Quebec, Kanada, kwa saa tisa. Kwetu kishindo cha kwenye nyaya ni kidogo, ila rundo la elektroni huhama au kuvurugika, na vipimo vya siku hiyo havifai kuaminiwa.

Na ziwa?

Mwaka 1923 C. E. P. Brooks, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, alionyesha kwamba kina cha Ziwa Victoria kilipanda na kushuka pamoja na madoa ya jua tangu miaka ya 1890. Ulinganifu ulipendeza sana. Miaka michache baadaye ukavunjika, ziwa likaenda lake na jua lake.

Ziwa Tanganyika ni jaribio zuri zaidi kwa kuwa mlango wake wa kutolea maji ni mmoja, mto Lukuga upande wa Kongo. Maji yalijaa hadi kuufungua mlango huo mwaka 1878, na mwaka huo jua lilikuwa kwenye utulivu kabisa. Yakapanda tena sana mwaka 1964: utulivu tena. Mtu angeweza kuandika kanuni hapo, kwamba jua likitulia ziwa hujaa. Halafu ikaja 2024, ziwa limejaa na jua liko kileleni. Mvua kubwa za 1961 na za mwishoni mwa 2019, zilizoanzisha kupanda kwa mara mbili za karibuni, zote zilikuja wakati upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipokuwa na joto kuliko wa mashariki. Anayetaka kujua kama nyumba ya Kibirizi, kando ya ziwa, itafikiwa na maji afuatilie hiyo bahari na mvua za Burundi na za bonde la mto Malagarasi, si madoa.

Mzunguko wa 25 sasa unateremka, na utulivu unatarajiwa karibu na 2030. Kuteremka si kunyamaza: mlipuko mkubwa kuliko yote iliyopimwa kwa eksirei, uliozidi X28, ulitokea 4 Novemba 2003, kama miaka miwili baada ya kilele, na ule wa X9.3 wa 6 Septemba 2017 ulikuja zaidi ya miaka mitatu baada ya kilele chake. Miaka ya kuteremka huleta pia dhoruba ndogo zinazojirudia kila siku 27, kwa sababu mashimo ya korona (sehemu za angahewa la nje la jua zinazotoa upepo wa kasi wa plazma) hudumu kwa miezi na kutugeukia kila jua linapozunguka. Mpima ardhi aliyeharibikiwa na siku ya kazi aandike tarehe, ahesabu 27 mbele, na siku hiyo apange kazi za ofisini.